Nani alilisha watoto wa Kolwezi? Sahani ya mchana, kutoka kambi za Union Minière hadi leo

Wiki iliyopita nilikuwa Manika nikitafuta habari nyingine kabisa. Mama mmoja akaniita katika ua wake. Anachunga watoto kumi na wanne wa majirani baada ya masomo, mpaka wazazi warudi kutoka sokoni au machimboni. Wanne kati yao ni wa jamaa iliyokimbia vita na kupanga chumba nyuma ya nyumba yake. Aliniuliza: "Baba wa radio, batoto banatoka ku masomo na njala. Bazazi banalipa kidogo sana. Tubapatie kintu gani?"

Siku hiyo kila mtoto alipata kitumbula kimoja na chai ya sukari. Mkubwa wao, kijana wa miaka kumi na mmoja, alimaliza chake haraka, akachukua mfuko mtupu, akatoka. Hakuna aliyemuuliza anaenda wapi. Hapa kwetu, mtoto akitoka mchana na mfuko mtupu, watu wanajua anaenda kuokota na kuosha mawe.

Wasikilizaji wetu, swali la mama yule lina historia ndefu katika mji huu. Limejibiwa mara kadhaa kwa karibu miaka mia moja, na kila jibu limeacha watoto fulani nje. Ndiyo sababu ninaona ni vizuri tuipitie historia hiyo pamoja, wenyeji na ninyi mliofika juzi.

Posho ya kambi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo ilileta wanaume peke yao kutoka mbali, kwa mikataba mifupi. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengine walitoroka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mpango: mfanyakazi aje na mke wake, afanye mkataba wa miaka mitatu, apewe nyumba kambini. Mji wa Kolwezi wenyewe ulianzishwa mwaka 1937, wakati mpango huo ulikuwa umekwisha kukomaa.

Mtu mmoja aliyefikiria sana chakula cha watoto wakati ule ni daktari Mbelgiji, Léopold Mottoulle. Chini ya mpango wake wanawake wajawazito walifuatwa, watoto wachanga walipimwa uzito, na watoto walioachishwa ziwa walilishwa kwenye kantini ya kambi huku wauguzi wakiangalia. Kila mama wa hapa anajua ugumu wa umri ule: maziwa yameisha, bukari imeanza, na mtoto anaanza kuvimba miguu na nywele kubadilika rangi.

Posho ya nyumbani nayo ilihesabiwa kwa kichwa: ya mwanaume, ya mke, ya mtoto. Ilikuwa na bunga ya mahindi, lakini pia maharagi, karanga, mafuta ya mawese, chumvi, nyama au samaki mkavu. Mtu alikuwa amekaa chini na kufikiri mwili unahitaji nini, na bunga peke yake haikutosha katika hesabu yake.

Tusidanganyane kuhusu nia. Mottoulle mwenyewe aliandika wazi, katika kitabu cha mwaka 1946 kuhusu siasa ya kijamii ya kampuni, jinsi familia iliyotulia ilivyosaidia kazi. Mtoto aliyezaliwa kambini, akalishwa na kusomeshwa kambini, angekuwa mfanyakazi wa kesho bila gharama ya kumtafuta vijijini. Mama hakuulizwa kama anataka. Tena sahani ile ilikuwa ya kambi tu. Mtoto wa fundi cherehani au wa boi aliyeishi nje ya kambi hakuwa katika hesabu. Baba akifukuzwa kazi, nyumba na chakula vilikwenda pamoja naye.

Baba aliyeondoka

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali, na kampuni mpya tukaizoea kwa jina la Gécamines. Mambo mengi yaliendelea: hospitali, masomo, magunia ya bunga. Sisi tuliozaliwa miaka ya 1980 tunakumbuka siku ya bunga. Watoto walitumwa kusindikiza mama, na gunia lilirudi juu ya baiskeli. Wazee walisema kazi njo baba, kazi njo mama.

Miaka ile ya kati ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto, hapa hapa Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1994 shaba ilikuwa imeshuka mpaka karibu tani 30,000. Mishahara ikachelewa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alichapisha mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga. Kichwa chake kinasema kuhusu watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Msomaji wa hapa haulizi baba huyo ni nani.

Katikati ya anguko hilo kuna ukurasa ambao wengi hawapendi kuufungua. Mwaka 1992 na 1993 jamaa zilizoitwa za Kasai zilifukuzwa katika miji ya Katanga, hata zile ambazo watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa. Kolwezi na Likasi, maelfu walilala kwenye stesheni wakingoja treni. Watoto walikufa pale kwa njaa na magonjwa. Jana yake baba wa mtoto alikuwa katika daftari ya kampuni, kesho yake hakuwemo, na sahani haikumfuata. Kilichowafikia pale kilitoka kwa makanisa, mashirika ya msaada, na majirani waliojificha kupeleka sufuria usiku.

Ninawaambia hayo ninyi mliohama makwenu, kwa sababu mnayajua kuliko mimi. Chakula cha mtoto kikifungwa kwenye jina la kazi ya baba, au kwenye kabila lake, kinaondoka siku ambayo jina hilo linafutwa.

Mchana ulipotea

Baada ya baba kampuni kuondoka, wanawake ndio walioshika sufuria. Walilima pembeni ya mji, waliuza makaa, bunga ya kupima na samaki. Walilisha watoto, lakini katika nyumba nyingi milo mitatu ikawa mmoja, wa jioni, pesa ya siku ikisha kuingia. Mlo wa mchana ndio uliopotea.

Wakati huo huo uchimbaji wa mikono ulienea. Mwaka 2014 watu wa Kasulo walianza kuchimba kobalti ndani ya nyua zao, baada ya mkaaji mmoja kuikuta chini ya nyumba. Mwaka huo UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi. Sheria ya Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kazi hiyo. Lakini sheria haipiki.

Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali yalitangazwa kuwa bure, na madarasa yakajaa. Penye watoto wengi, kundi moja linasoma asubuhi na lingine mchana. Kwa hiyo mtoto wa asubuhi anatoka jua likiwa kichwani, nyumbani hakuna mtu, na jioni iko mbali. Saa hizo ndizo shimo linamwita. Masista wa Bon Pasteur, wenye kituo chao Kanina, waliona jambo hilo mapema: ukitaka mtoto aache mawe, umpe mahali pa kukaa, mtu wa kumfundisha, na chakula.

Sahani iwe na nini

Nirudi kwa swali la mama. Nimeongea na wauguzi na wamama wanaopika kila siku, na majibu yao yanakaribiana.

Bukari ni sawa, lakini isiwe peke yake. Mahindi yanashibisha, ila hayajengi mwili wa mtoto vya kutosha. Kando yake kuwe na kitu cha kujenga: maharagi, ndakala, karanga za kusaga, yai likipatikana, vinkubala msimu wake ukifika. Kuwe na majani: sombe, lengalenga, matembele, kibwabwa. Kijiko cha mafuta ya mawese ndani ya majani kinasaidia macho na ngozi. Mapera, maembe au paipai ya msimu yanatosha kuwa tunda. Kwa wadogo, uji wa mahindi uliochanganywa na soya na karanga ni bora kuliko chai na kitumbula. Sukre ya chupa na biskuti zinanyamazisha njala kwa saa moja tu.

Karanga zenye ukungu zitupwe, hata kama zilinunuliwa kwa pesa nyingi, maana ukungu ule ni sumu kwa ini. Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, inaweza kumkaba.

Halafu kuna jambo la kwetu, ambalo kitabu cha mapishi cha mahali pengine hakitalitaja. Watafiti wa Lubumbashi na wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2018 utafiti uliofanywa Kasulo. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya watu wanaoishi karibu na machimbo, na kwa watoto kiasi kilikuwa kikubwa zaidi. Vumbi linaingia kwa pumzi na kwa mkono unaopelekwa mdomoni. Kwa hiyo mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, sufuria ifunikwe, majani yaoshwe kwa maji mengi, na ikiwezekana yanunuliwe kutoka mashamba yaliyo mbali na migodi. Maji ya kunawa ni sehemu ya mlo.

Pesa ziko wapi

Mama yule hawezi kununua haya yote kwa pesa anayolipwa. Zamani kampuni ililisha kwa faida yake. Leo makampuni hayaletei watu posho nyumbani, lakini Kodi ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inayadai mambo mawili tunayopaswa kuyajua. Kila kampuni inayochimba inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya watu wanaoguswa na mgodi. Tena asilimia 15 ya mrabaha wa madini inakwenda kwa komini au sekta ambamo mgodi uko. Dilala na Manika ni komini. Mikutano ya kupanga miradi ipo, na mara nyingi tunasikia barabara, jengo la masomo, kisima. Ni vizuri. Lakini jiko la mchana katika kila mtaa, na mishahara ya wamama wawili wanaopika, ni mradi pia. Hautaonekana kwenye picha ya uzinduzi kama jengo, na pengine ndiyo sababu hauombwi.

Tukiuomba, tuombe kwa sharti moja linalotoka katika historia yetu. Mtoto akifika na njala asiulizwe baba anafanya kazi wapi, wala jamaa ilitoka wapi, wala ina karatasi ya mtaa au haina. Aulizwe kama amenawa mikono.

Juzi nilirudi kwa mama nikampelekea majibu haya. Alinisikiliza, akahesabu kwa vidole: maharagi siku tatu kwa juma, ndakala siku moja, majani kila siku kwa sababu jirani analima. Alisema kwa michango ya sasa atafika siku mbili, si tano. Bunga ndiyo inamtisha, kwa sababu nyingi inatoka Zambia, na mpaka wa Kasumbalesa ukikaza, bei inapanda siku ile ile.

Siku hiyo alikuwa amepika maharagi. Kijana wa miaka kumi na mmoja alikula, akaomba tena, akapewa. Mfuko wake ulikuwa umekunjwa chini ya benchi. Nilipoondoka alikuwa bado amekaa, anamsaidia mtoto wa wahamiaji kuandika jina lake. Kesho hapakuwa na maharagi, mama aliniambia hivyo mwenyewe.