Altezza yako haivuti mlimani? Pima kwanza kabla hujanunua masega

Unatoka Mkoani kwenda Chake Chake na Altezza yako. Kwenye tambarare inakwenda vizuri, ila ukianza kupanda kilima inakata pumzi. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haivuti. Taa ya injini nayo imewaka. Fundi anasema: masega yamekufa, nunua mengine.

Huenda ni kweli. Lakini ukiwa Pemba, spea kama hiyo mara nyingi inakuja kwa boti kutoka Unguja au Dar es Salaam. Ukikosea, umepoteza hela na siku. Na hata kama kweli yamekufa, mapya nayo yatakufa kama chanzo hakijatibiwa.

Masega ni nini?

Ni katalitiki konveta, lile kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi kati ya injini na sailensa. Ndani kuna kauri yenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, iliyopakwa madini ya platini, paladi na rodi. Yakishapata joto la kama nyuzi 300, yanapunguza sumu ya moshi, ikiwemo kaboni monoksaidi.

Toyota Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. Kwa umri huo, masega kuchoka si ajabu.

Dalili zake

• Gari inakosa nguvu, hasa mlimani au kwenye mwendo mkubwa
• Harufu ya mayai viza kutoka ekzosi
• Sauti ya vitu kugongana ndani ya kopo
• Injini inawaka kisha inazima, kwa sababu moshi hauna pa kutokea

Shida ni kwamba pampu ya mafuta iliyochoka au plagi mbovu pia hufanya gari ikose nguvu. Ndiyo maana lazima upime.

Vipimo vinne

1. Mashine. Kodi P0420 inamaanisha masega hayafanyi kazi inavyotakiwa. Lakini ekzosi inayovuja au sensa mbovu ya oksijeni inaweza kuleta kodi hiyohiyo. Pia baadhi ya gari za Japani za miaka hiyo hazisomwi na mashine za bei poa.

2. Kugonga. Gari ikiwa imepoa, gonga kopo taratibu kwa nyundo ya mpira. Likicheza kama njuga, kauri imevunjika.

3. Presha. Fundi anafungua sensa ya oksijeni ya mbele na kufunga geji mahali pake. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, presha ikipita psi 3 hivi, kuna kuziba.

4. Sensa ya nyuma. Kwa gari yenye sensa mbili za kawaida, ya mbele hupanda na kushuka, ya nyuma hutulia. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, masega yamechoka.

Nani kayaua?

Mara nyingi masega huuliwa na injini yenyewe. Plagi au koili ikifa, petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega mpaka kauri inayeyuka. Injini inayokula oili, au maji ya rejeta yanayopenya kwenye silinda, huyapaka uchafu yasifanye kazi. Tengeneza hayo kwanza.

Siku ya kubadilisha

Acha ekzosi ipoe kabisa. Nati za gari inayoishi karibu na bahari hushikwa na kutu, kwa hiyo zipulizie mafuta ya kulegeza mapema, usizilazimishe. Mshale kwenye kopo uelekee nyuma ya gari, upande moshi unakokwenda. Weka gasketi mpya. Kama ni la kuchomelea, chomoa betri kwanza ili kompyuta ya gari isiungue. Mwisho futa kodi, endesha, kisha pima tena.

Ukinunua yaliyotumika, mulika ndani kwa tochi: vitundu viwe wazi na kauri iwe nzima. Litikise pia, lisitoe sauti.

Na wale wanaotoboa?

Wapo wanaotoa kauri yote, wanaacha kopo tupu. Kama yalikuwa yameziba, gari itavuta. Lakini nguvu hiyo ungeipata hata kwa masega mazima. Unachoongeza ni kelele, harufu, taa isiyozima na moshi wenye sumu zaidi kwa wanaokaa nyuma yako.

Na anayekuja kukununulia yale ya zamani "kama chuma chakavu" anajua thamani ya madini yaliyomo. Usimpe kwa bei ya bati.