Besiboli na softiboli: nguvu ya kupiga mpira inaanzia miguuni

Katika besiboli na softiboli, mpigaji hushika gongo, huupiga mpira uliorushwa na mpinzani, kisha hukimbia kuzunguka vituo. Hapa Tanzania michezo hii imeanzishwa katika baadhi ya shule za sekondari kwa msaada wa Wajapani. Mwaka 2018 Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ilipata uwanja wake wa besiboli.

Uwanja huo uko mbali na Ngara na Biharamulo, lakini mwendo wa mwili unaotakiwa tunaujua. Mtazame mtu anayekata mti kwa shoka. Anayetumia mikono peke yake huchoka mapema. Aliyezoea hukanyaga imara, huzungusha kiuno, na shoka hufuata. Kupiga mpira mbali ni hivyo hivyo.

Hatua kwa hatua (kwa anayetumia mkono wa kulia)

1. Simama ubavu, bega la kushoto likielekea kwa mrushaji. Tanua miguu kupita mabega kidogo na ukunje magoti.
2. Shika gongo kwa vidole, mkono wa kulia ukiwa juu ya wa kushoto. Usilikabe, maana mikono iliyokakamaa haina kasi.
3. Mpira unaporushwa, weka uzito kwenye mguu wa nyuma, kisha piga hatua fupi mbele kwa mguu wa kushoto.
4. Geuza nyonga kwanza, kabla ya mabega. Kisigino cha nyuma kinyanyuke na kuzunguka.
5. Mikono ifuate, ikiwa karibu na mwili. Piga mpira ukiwa mbele yako kidogo, kichwa kimetulia, macho kwenye mpira.
6. Usikatishe pigo. Acha gongo lizunguke mpaka begani.

Gongo zito si lazima lipige mbali

Vijana wengi huchagua gongo zito kuliko yote. Lakini ukiongeza uzito mara mbili, nishati ya gongo huongezeka mara mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, huongezeka mara nne. Kwa hiyo chagua gongo unaloweza kulizungusha haraka. Linyooshe pembeni kwa mkono mmoja: ukishindwa kulishikilia kwa sekunde 20, ni zito kwako.

Muda nao ni mfupi. Katika besiboli ya watu wazima mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kasi ya kilomita 130 kwa saa hufika kwa takriban nusu sekunde.

Mazoezi nyumbani, bila kuumizana

Simika kijiti kinachofika kiunoni, weka juu yake mpira wa matambara, kisha upige. Anza polepole ukihakikisha nyonga zinatangulia, halafu ongeza kasi.

Kabla ya kila pigo tazama nyuma na pembeni. Watoto husogea kutazama, na gongo likimpata mtu kichwani linaweza kuua. Watazamaji wakae mbali, na gongo lenye ufa au mpini unaoteleza lisitumike. Mpira halisi, hata wa softiboli, ni mgumu: usirushiwe bila kofia ngumu ya kukinga kichwa.

Akigongwa kichwani mtu akazimia, akatapika au akachanganyikiwa, mpelekeni kituo cha afya mara moja.