Vita vya Siku Sita Mbele ya Kamera: Kisangani katika Filamu za Dieudo Hamadi na Suala la Lugha ya Ushahidi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Vita vya Siku Sita, vilivyopiganwa Kisangani mwezi Juni 2000, vinavyosimuliwa katika filamu za Dieudo Hamadi, mwongozaji aliyezaliwa katika mji huo. Filamu mbili zinazingatiwa zaidi, Maman Colonelle (2017) na En route pour le milliard (2020), kwa kuzilinganisha na kumbukumbu za Baraza la Usalama na za Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hoja kuu ni kwamba filamu hizi ni chanzo cha historia ya pamoja ya nchi jirani, na kwamba sehemu ya ushahidi uliomo ndani yake imetolewa kwa Kiswahili, lugha iliyokuwa pia ikisikika katika kambi za waliopigana. Sera zinazokitukuza Kiswahili kuwa lugha ya umoja hazina budi kusikiliza yanayosemwa kwa lugha hiyo na watu walioumizwa.

1.0 Utangulizi

Majeshi ya Uganda na Rwanda yaliingia katika vita vya Kongo mwaka 1998 yakiwa washirika. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani. Mapigano yalizuka tena Mei 2000, na kati ya tarehe 5 na 10 Juni mwaka huo yakafikia upeo wake. Makadirio yaliyowasilishwa katika Umoja wa Mataifa yalitaja zaidi ya raia 760 waliouawa, watu wapatao 1,700 waliojeruhiwa na zaidi ya nyumba 4,000 zilizoharibiwa. Ingawa makadirio ya baadaye yametofautiana kuhusu idadi ya vifo, jambo moja halina ubishi: waliokufa kwa wingi walikuwa wakazi wa mji, ambao hawakuwa upande wowote katika ugomvi huo.

Vita hivyo vilipiganwa na majeshi ya nchi mbili katika ardhi ya nchi ya tatu. Leo nchi zote tatu ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kujiunga mwaka 2022. Zinajadiliana kuhusu soko, mipaka na lugha ya pamoja. Swali la makala haya ni gumu zaidi ya hayo: nchi zinazotaka kushirikiana lugha zitashirikianaje kumbukumbu, hasa pale ambapo kumbukumbu ya mmoja ni mashtaka dhidi ya mwenzake?

2.0 Kisangani Mbele ya Kamera za Wageni

Historia ya Kiswahili katika Kisangani inarudi nyuma hadi misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alijenga nguvu zake katika eneo la maporomoko ya mto, na mwaka 1887 Mfalme Leopold II alimkubali kuwa wali wa eneo hilo. Lugha iliyofika na misafara ilibaki baada ya misafara kwisha. Katika vitabu vya wakoloni iliitwa Kingwana, na hadi leo Kiswahili hicho kinazungumzwa mjini humo bega kwa bega na Kilingala. Basi tangu mwanzo Kiswahili cha Kisangani kimebeba historia yenye pande mbili, ya biashara na ya nguvu.

Kamera nazo zilifika mapema, lakini hazikufika kwa ajili ya wenyeji. Mwaka 1951 John Huston alipiga The African Queen katika misitu ya jirani na mji huo, ulioitwa Stanleyville wakati huo, kisha akaendelea kuipiga Uganda. Miaka michache baadaye Fred Zinnemann alikuja kupiga sehemu za The Nun's Story, iliyotoka mwaka 1959. Katika filamu zote mbili mto ni mandhari, na watu wa mtoni ni sehemu ya mandhari hayo. Kisa ni cha Wazungu wanaopita. Inafaa kukumbuka kwamba Kongo na Uganda zilionekana katika filamu moja nusu karne kabla ya kukutana katika kesi moja, na kwamba katika filamu hiyo hakuna mwenyeji aliyepewa nafasi ya kueleza lolote kuhusu nchi yake.

3.0 Mwana wa Mji na Kamera Yake

Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984. Alianza masomo ya tiba kabla ya kuhamia katika filamu, na vita vya mwaka 2000 vilitokea akiwa kijana wa miaka takriban 16. Filamu zake ni za hali halisi. Kwa kawaida hushika kamera mwenyewe, hatumii sauti ya msimulizi, na hukaa na wahusika wake kwa muda mrefu mpaka wanaendelea na maisha yao kama kawaida.

Njia hiyo ilionekana vizuri katika Examen d'État (2014), inayofuata vijana wa Kisangani wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa baada ya kufukuzwa shuleni kwa kukosa ada. Ndani ya filamu hiyo vita havitajwi kama mada, lakini mtazamaji anaona mji ambamo huduma za dola zimekuwa bidhaa na kila familia inajitafutia njia.

Katika Maman Colonelle mada inakaribia zaidi. Filamu inamfuata Kanali Honorine Munyole, ofisa wa polisi anayeongoza kitengo cha ulinzi wa wanawake na watoto, anapohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Huko anakutana na wanawake waliobakwa na watu waliopoteza viungo wakati wa Vita vya Siku Sita, ambao bado wanasubiri kusikilizwa miaka zaidi ya 15 baadaye. Kanali hana fungu la kuwalipa. Anachoweza ni kuwaomba wakazi wenzao wachangie. Hapo filamu inafichua jambo ambalo ripoti za kidiplomasia hulipita: mahali ambapo haki imechelewa, waathirika huachwa wakitegemea huruma ya watu maskini kama wao. Filamu hiyo ilipata tuzo kuu katika tamasha la Cinéma du Réel mjini Paris mwaka 2017.

4.0 Safari ya Mto

Wakati wa kutengeneza Maman Colonelle ndipo Hamadi alipowafahamu manusura waliokuwa wamejiunga katika chama cha kudai fidia. En route pour le milliard, yaani "Njiani kuifuata bilioni", ni kisa chao. Bilioni inayotajwa ni fidia wanayoamini wanaidai. Baada ya kungoja bila majibu, wanaamua kuteremka Mto Kongo kwa tishari hadi Kinshasa, safari ya takriban kilomita 1,700, ili wakaonane na wakubwa ana kwa ana.

Kwa mwanahistoria, sehemu ya mtoni ndiyo yenye uzito zaidi. Watu wasio na miguu, wenye magongo na wenye miguu ya bandia iliyochakaa, wanalala juu ya sitaha pamoja na mizigo na abiria wengine. Mvua inaponyesha wanashika turubai kwa mikono. Wanabishana, wanapika, wanacheka. Kamera haiwageuzi kuwa picha za kuomba msaada. Inawaonyesha kuwa wadai walioamua jambo na sasa wanalipa gharama ya uamuzi wao. Katikati ya safari filamu inaingiza michezo ya jukwaani ambayo manusura wenyewe wanaigiza na kuimba yaliyowapata. Sehemu hizo zinaonyesha kwamba walikuwa wameanza kuitunza historia yao kwa sanaa kabla mtu yeyote hajawaletea kamera.

Wanafika Kinshasa katika majira ya uchaguzi wa Desemba 2018. Katika lango la Bunge wanazuiwa kuingia. Taifa linachagua viongozi wapya huku raia waliokatwa viungo katika ardhi ya taifa hilo wakisimama nje ya uzio. Mwongozaji haongezi neno, wala hakuna haja.

Filamu hiyo ilichaguliwa katika orodha rasmi ya Cannes mwaka 2020, mwaka ambao tamasha lenyewe halikufanyika kama kawaida kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na ikashinda tuzo ya Njiwa wa Dhahabu katika tamasha la Leipzig mwaka huohuo.

5.0 Hukumu na Picha

Manusura hawakubuni dai lao. Tarehe 16 Juni 2000, siku sita baada ya mizinga kunyamaza, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, lililosema kwamba Uganda na Rwanda zinapaswa kufidia maisha na mali zilizopotea Kisangani. Kongo ilikuwa imekwisha kuishtaki Uganda mwaka 1999, na tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda inawajibika kulipa fidia. Shauri dhidi ya Rwanda lilikwama: tarehe 3 Februari 2006 mahakama hiyo ilisema haina mamlaka ya kulisikiliza. Kwa hiyo, kati ya majeshi mawili yaliyorushiana makombora juu ya paa zilezile, moja tu ndilo lililohukumiwa katika mahakama hiyo.

Kiasi cha fidia kilikuja kujulikana tarehe 9 Februari 2022, miaka miwili baada ya filamu kutoka: dola milioni 325, zilipwe kwa mafungu matano ya kila mwaka. Milioni 225 kati yake zilikuwa kwa madhara yaliyowapata watu, si wa Kisangani peke yao bali wa maeneo yote yaliyohusika katika kesi. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Mahakama ilieleza kwamba ushahidi uliowasilishwa haukutosha kukadiria kila dhara kwa usahihi, ikaamua kutoa kiasi cha jumla.

Maelezo hayo yanastahili kutafakariwa na kila mtafiti. Ushahidi hautoshi kwa sababu haukukusanywa, na haukukusanywa kwa sababu waliokuwa nao hawakuulizwa kwa wakati. Filamu haiwezi kuziba pengo hilo kisheria, lakini inaonyesha kwamba mashahidi walikuwepo, walikuwa na kumbukumbu, na walikuwa tayari kusafiri kilomita 1,700 ili waitoe.

6.0 Lugha ya Bunduki na Lugha ya Ushahidi

Watu wa Kisangani katika filamu hizi wanazungumza Kiswahili, Kilingala na Kifaransa. Kiswahili chao si sanifu, lakini msikilizaji wa Bujumbura au Kigoma hatahitaji mkalimani kufahamu kiini cha maneno.

Hapa ndipo penye jambo ambalo makongamano yetu hulikwepa. Kiswahili kimekuwa lugha ya askari nchini Uganda tangu enzi za jeshi la King's African Rifles, na jeshi la sasa limeendelea kukitumia. Makamanda wengi wa jeshi la Rwanda la wakati ule walianza uaskari wao Uganda, katika jeshi la msituni la NRA, ambamo Kiswahili kilisikika kila siku. Kwa maneno mengine, waliorusha makombora na walioangukiwa na makombora hawakutenganishwa na lugha. Wangeweza kuelewana, na bado haikuwazuia.

Ukweli huu haukipunguzii Kiswahili hadhi yake. Umoja wa Afrika umekipokea kuwa lugha ya kazi, na UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai. Lakini tunaposema kwamba Kiswahili ni lugha ya amani tunasema tunalolitamani, na historia inatutaka tueleze pia tulilolitenda. Lugha haileti amani kwa kuzungumzwa tu. Inaweza kuleta amani ikiwa aliyeumizwa anaitumia kusema na aliyeumiza anakubali kusikia. Filamu za Hamadi zimetimiza nusu ya kwanza ya sharti hilo.

Nusu ya pili imekwama katika usambazaji. Filamu hizi zimetengenezwa kwa ushirikiano na watayarishaji wa Ulaya na kupitia matamasha ya huko, nazo zikapewa tafsiri ya maandishi kwa Kifaransa na Kiingereza. Utaratibu huo ulizipa uhai, lakini uliamua pia nani atazisikia kwanza. Mtazamaji wa Leipzig aliandaliwa njia ya kumwelewa manusura wa Kisangani kabla ya mtazamaji wa Kampala au Kigali.

7.0 Mipaka ya Ushahidi wa Filamu

Filamu si hati ya kiapo. Hamadi amefuata kundi moja, amechagua saa chache kati ya nyingi alizopiga, na askari waliopigana hawamo. Mtafiti anapaswa kuisoma kama anavyosoma simulizi yoyote: kwa kuilinganisha na nyaraka, na kwa kuuliza nani ameachwa nje. Wapo pia watakaosema kwamba huu si wakati wa kufukua mambo haya, maana uhusiano kati ya Kinshasa na Kigali umeharibika tena tangu kundi la M23 liliporudi vitani mwishoni mwa 2021. Hoja hiyo ina uzito kwa mwanadiplomasia. Hata hivyo, kidonda cha Kisangani hakikufukuliwa na filamu. Kilikuwa wazi, na wenye kidonda ndio waliopanda tishari.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mji uliokuwa mandhari ya filamu za wageni umepata mwana wake wa kuusimulia, na kwamba usimulizi huo unahifadhi ushahidi ambao mahakama haikuupata kwa ukamilifu. Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na wenye haki za filamu hizi ili zipate tafsiri ya maandishi kwa Kiswahili sanifu, pamoja na sehemu za Kilingala. Pili, idara za historia na za Kiswahili katika vyuo vikuu vya nchi jirani zizifundishe kama vyanzo, si kama burudani ya mwisho wa muhula. Tatu, simulizi za manusura zirekodiwe sasa kwa utaratibu wa kitaaluma na kwa ridhaa yao, kwa kuwa waliokuwa watu wazima mwaka 2000 wanazeeka na wengine wamekwisha kufariki.

Uganda ililipa fungu la kwanza la fidia Septemba 2022, na Kongo imeunda mfuko wa kuzigawa fedha hizo wenye makao yake Kisangani. Atakayeketi kwenye meza ya mfuko huo atahitaji kujua nani aliumia, wapi na vipi. Sehemu ya majibu imekwisha kutolewa mbele ya kamera, kwa lugha ambayo sisi tuliokutana katika kongamano hili hatuwezi kusema kwamba hatuielewi.