Mwindo na Sheria ya Msitu: Pingamizi Kutoka Kamanyola

Kila kinapotoka kitabu kipya kuhusu maisha ya msituni kaskazini mwa Bukavu, utangulizi wake hupenda kudai kwamba msitu huo haujapata mwandishi wake. Kwamba mpaka sasa umeandikwa na wageni tu, nasi ndio kwanza tunaanza. Dai hilo linapigiwa makofi, lakini si kweli, na madhara yake yanazidi mipaka ya fasihi.

Kwamba wageni wamejaza rafu za maktaba, hakuna anayebisha. George Schaller alitoa The Year of the Gorilla mwaka 1964. Dian Fossey alianzia Kabara, upande wa Kongo, mwaka 1967 kabla ya kuvukia Rwanda, na Gorillas in the Mist kikatoka mwaka 1983. Ubishi unaanza kwa Colin Turnbull. Katika The Forest People (1961) aliwachora Wambuti wa Ituri kama wana wa msitu, na wakulima jirani zao kama watu wanaouogopa na kuukata. Mwaka 1989 Robert Bailey na wenzake walimjia juu: waliuliza kama kuna binadamu anayeweza kuishi katika msitu wa mvua bila chakula cha shambani, na wakatilia shaka jambo hilo. Mjadala ulikuwa mkali, lakini pande zote mbili zilimchukulia mwindaji na mkulima kuwa watu wawili tofauti. Wanyanga wa Walikale wangewashangaa: wao wanapanda migomba, wanatega, wanawinda na kuokota matunda ya mwituni, na hayo yote ni kazi za ukoo mmoja.

Kitabu cha Wanyanga hao tunacho. Mwaka 1956, kule Kisimba, mtambaji Candi Rureke alitamba utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, akiimba, akisimulia na kucheza, huku Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga wakiandika. Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga, waliuchapisha mwaka 1969 kwa jina The Mwindo Epic. Wasomi wengi hunukuu nusu ya kwanza: Shemwindo, chifu wa Tubondo, asiyetaka mtoto wa kiume, Mwindo anayezaliwa akitembea na kusema, ngoma inayotupwa mtoni naye akiwa ndani, safari ya kwenda kwa shangazi yake Iyangura. Mimi nakaa na sehemu ya mwisho, ambayo wengi huisoma kama nyongeza.

Mwindo amekwisha kuwa chifu. Siku moja anashikwa na uchu wa nyama ya nguruwe mwitu, anawatuma Mbilikimo wake wakawinde. Huko wanakutana na Kirimu, joka la msituni, linawameza, na mmoja anaponyoka kuleta habari. Mwindo anakwenda, analiua, linapasuliwa, na waliomezwa wanatoka hai. Hadithi nyingi za mashujaa zingekomea hapo kwa vigelegele. Rureke hakomei hapo. Harufu ya joka inamfikia Nkuba, radi, ambaye alikuwa rafiki wa Mwindo lakini pia rafiki wa Kirimu. Nkuba anashuka, anamnyakua chifu na kumpandisha juu, na huko Mwindo anakaa mwaka mzima akiteswa na baridi, mvua na jua kali, huku Mvua, Mwezi na Jua wakimkaripia kwa zamu. Anarudishwa duniani na katazo: asiue tena mnyama wa msituni wala wa kijijini, hata mdudu mdogo.

Hii ni sheria ya msitu, na inamwangukia mkubwa. Waliotumwa kuwinda hawakuadhibiwa. Aliyeadhibiwa ni mwenye amri, kwa sababu uchu wake ndio uliofungua njia ya mauaji.

Linganisha na sheria tuliyonayo. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 ikiwa na kilomita za mraba 600. Mwaka 1975 ilitanuliwa hadi 6,000, ikameza misitu ya Shabunda na Walikale, kwa hiyo na sehemu ya nchi ya Wanyanga wenyewe. Batwa, watu walioishi katika msitu huo, walifukuzwa, na baadhi yao wakarudi kwa nguvu mwaka 2018. Uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu uliotangazwa mwaka 2024 uliwapa haki. Katika mpango ule wa hifadhi, mzigo wa katazo uliwekwa kwa mwenye mtego mmoja wa kamba. Msitu unaodaiwa hauna kitabu ni rahisi kudaiwa hauna wenyewe.

Nitaambiwa kwamba huo ni usimulizi wa mtu mmoja. Ni kweli, na Biebuyck mwenyewe alitoa matoleo mengine mwaka 1978, ambayo hayafanani na hili. Lakini hakuna anayeidharau Iliad kwa sababu ya wingi wa waimbaji wake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba utendi huu unawaweka Mbilikimo chini ya chifu, kama watumishi. Hilo silifuti. Nasema tu kwamba msimulizi aliyekubali daraja hizo hakukubali walio chini walipe deni la aliye juu.

Sisi wa Kamanyola tuna sababu ya kulisikia jambo hili. Vita vilivyopiganwa hapa kwetu mwaka 1964 vililichukua jina la mji wetu hadi kwenye uwanja wa mpira wa Kinshasa na kwenye meli ya Mobutu. Mpunga wa bonde la Ruzizi na magari yanayopanda mlima Ngomo hayakupata hata sura moja. Kuandikwa na wapita njia tunakujua.

Kwa hiyo naliweka dai langu wazi, hata kama litaonekana limevuka ushahidi: The Mwindo Epic ndicho kitabu cha kwanza cha kikanda kuhusu msitu huu, na ni hati ya utawala wa ardhi kama ilivyo hati yoyote ya mkoloni. Wahariri wa Bukavu wanaopokea miswada mipya kuhusu maisha ya msituni wasiipime kwa Turnbull. Wamtake kila mwandishi aonyeshe kwanza anamjibu nini Rureke.