Laptopu ya msafiri: msafiri yupi?

Kimya changu ni testi tu, mbili ndani ya wiki moja, mnajua wenyewe. Leo nina deni la kulipa. Tangu boom liingie, swali ghorofani kwetu ni moja: laptopu ipi inamfaa mtu wa safari na biashara? Watu wanasoma ulinganisho wa mtandaoni, wanakuja na majina: hii nyembamba, ile nyepesi, nyingine betri saa kumi na nane. Mimi ni mtu wa historia, mambo ya prosesa nawaachia jamaa wa CoICT. Ila nimekulia Rulenge, wilaya ya Ngara, na kila nikisoma ulinganisho wa aina hiyo najiuliza: huyo msafiri wanayempimia ni nani, na anatoka wapi kwenda wapi?

Tuanze kabla ya kompyuta. Mtu wa maandishi aliyesafiri alikuwa na taipureta ya mkononi. Waswisi walitoa Hermes Baby mwaka 1935, Waitaliano wakatoa Olivetti Lettera 22 mwaka 1950, vyombo vya kilo chache vyenye kasha la kubebea. Chombo kama hicho ungekiweka juu ya meza ya misheni Rulenge au ofisi ya tarafa Biharamulo, ukaandika barua mpaka usiku kwa mwanga wa karabai. Hakikuhitaji umeme hata kidogo. Kikikwama, fundi baiskeli mwenye akili alikuwa anaweza kukijaribu. Kumbukeni hilo, maana kwa sisi wa kule hicho ndicho kipimo cha kwanza, na kompyuta zilichukua miaka mingi sana kukifikia tena.

Kompyuta ya kwanza ya kubeba iliyouzika kwa wingi ni Osborne 1, Aprili 1981, dola 1,795. Kubeba kwenyewe sasa! Kilo 11 hivi, kioo cha inchi 5, na betri haina. Unaifunga kama cherehani, unaibeba, ukifika unatafuta soketi. Compaq Portable iliyotangazwa mwaka uliofuata ilikuwa nzito zaidi, kilo 13 hivi, nayo ya soketi vilevile. Wamarekani waliita hiyo ni kusafiri na kompyuta. Kiukweli ilikuwa ni kuhama nayo kutoka ukuta mmoja kwenda ukuta mwingine.

(Kiswahili chetu hapa kinaumbua. Tunasema kompyuta mpakato, kutoka kupakata, unavyompakata mtoto mapajani. Nani angeipakata Osborne?)

Sisi huku tulikuwa na jambo jingine kabisa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine iliyofungwa Wizara ya Fedha kuleta hasara na vurugu kwenye hesabu. Osborne inaingia sokoni Marekani, marufuku hiyo ilikuwa bado haijafutwa. Kwa hiyo miaka ile Wamarekani wanalinganisha kilo 11 na kilo 13, mfanyabiashara wa kahawa wa Ngara alikuwa analinganisha daftari la kaunta la kwaya mbili na la kwaya tatu.

Sasa sikilizeni hii, ndiyo ninayoipenda. Mwaka 1982 ikatoka GRiD Compass, ya kwanza kufunguka kama ganda la chaza, namna laptopu zote zinavyofunguka leo. Kasha la magnesiamu, bei zaidi ya dola 8,000, na NASA wakaipeleka angani. Wanahistoria wengi wa kompyuta wanaipa heshima ya kuwa mama wa laptopu. Sawa. Lakini mwaka mmoja baadaye, 1983, maduka ya Radio Shack yakaanza kuuza TRS-80 Model 100 iliyoundwa na Kyocera wa Japani. Haikuwa na mvuto wowote. Kioo mistari minane tu, kilo moja na nusu hivi. Ilitumia betri nne ndogo za AA, zilezile za redio zinazouzwa kila duka kuanzia Rulenge hadi Kabanga, na ilikaa saa kama 20. Ndani ilikuwa na modemu ya kutuma maandishi kwa simu. Waandishi wa habari waliipenda sana. Bill Gates mwenyewe alishiriki kuandika programu zake.

Mkiniuliza mimi, hiyo ndiyo laptopu ya safari. Ila dunia haikwenda huko. Toshiba T1100 ya 1985 ilikuja na betri ya kuchaji, ikaweza kuendesha programu za IBM, na soko likafuata hapo kwa sababu ofisi zilitaka programu za IBM. Baadaye ikaja PowerBook ya Apple mwaka 1991, ikasogeza kibodi nyuma ili mikono ipate pa kupumzika, halafu ThinkPad 700C ya IBM mwaka 1992, nyeusi, na kile kidude chekundu katikati ya herufi. Zote nzuri. Zote zimeamini kwamba jioni utalala penye soketi.

Imani hiyo inaonekana wazi kwenye tukio moja la Dell. Katikati ya miaka ya 90 walitoa Latitude XP yenye betri ya lithiamu, kitu kipya wakati huo, na ili kuionyesha wakawapandisha waandishi wa habari ndege kutoka New York hadi Los Angeles. Betri ikadumu safari nzima, watu wakashangilia. Hapo ndipo kipimo kilipowekwa: saa tano, sita za ndege, juu ya kiti, mwisho wa safari kuna hoteli. Ulinganisho mnaosoma leo ni mjukuu wa safari ile.

Basi chukueni safari yetu. Ngara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200: Benaco, Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, mpaka uione Ubungo zamani, au Magufuli siku hizi. Kwa miaka mingi ilikuwa lazima ulale njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukipita misitu ya Biharamulo magari yalikuwa yanasindikizwa na polisi wenye silaha kwa ajili ya majambazi, kwa hiyo laptopu ya bei mbaya nayo ilikuwa inakuongezea hatari tu. Ukifika nyumbani, umeme wa Ngara na Biharamulo ulikuwa wa majenereta ya dizeli ya TANESCO, mbali na gridi ya taifa, na vijijini wala jenereta hakuna. Hapo saa sita za betri ni sawa na kumpa mtu wa Rulenge dumu la lita tano wakati kisima kiko siku mbili.

Kuna waliolijua hili mapema, nao walikuwa kwetu. Aprili 28 na 29, 1994, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, wakakaa Benaco, mahali palipoitwa jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara. Mashirika ya misaada yakamiminika Ngara. Kuhudumia watu wengi namna hiyo kunataka orodha: nani amefika, familia ya watu wangapi, mgao kilo ngapi. Watu wa mashirika, Maziwa Makuu yote, hawakuishi kwa kutegemea betri ya laptopu. Waliishi kwa jenereta, betri za Land Cruiser, simu za satelaiti kubwa kama begi, na redio za HF. WFP baadaye walitengeneza hata mfumo wa kutuma barua pepe kwa redio za HF, polepole kweli, lakini zinafika. Kwao laptopu ilikuwa kipande kimoja tu cha mzigo, na mzigo wote ulijengwa kuizunguka. Ndiyo maana nacheka nikiona makala inasifia gramu mia mbili zilizopunguzwa. Ongeza basi uzito wa jenereta!

Mwaka 2008 ungeweza kuweka mashine tatu mezani ukaona wasafiri watatu tofauti. Januari, Steve Jobs anatoa MacBook Air kwenye bahasha, kilo 1.36, dola 1,799, betri imefungiwa ndani huwezi kuibadili. Pembeni yake Asus Eee PC, iliyotoka mwishoni mwa 2007, inchi 7, chini ya kilo moja, bei ya chini kabisa, haina diski inayozunguka ya kuharibika kwa mitikisiko ya barabara, na betri unachomoa unapachika nyingine. Ya tatu ilikuwa ng'ambo ya daraja letu tu: Rwanda ilianza kugawa shuleni zile XO za mradi wa OLPC wa Nicholas Negroponte, hatimaye zaidi ya laki mbili. XO kioo chake kinasomeka juani, kibodi ni ya mpira haiingii vumbi, na inakubali umeme wa volti 11 hadi 18, maana yake unaichomeka moja kwa moja kwenye betri ya gari. Wale ndio waliokaa chini wakamfikiria mtu wa kwetu. Pamoja na hayo shule nyingi hazikuwa na umeme hata wa kuchajia hizo betri. Na ule mkono wa kuzungushia uliokuwepo kwenye mfano wa kwanza? Ulinyofoka mbele ya kamera Tunis, 2005, mikononi mwa Kofi Annan. Wakauondoa.

Kuhusu volti, nieleze kidogo, maana hapa ndipo pesa yenu ya boom ilipo. Betri ya sola nyumbani ni volti 12. Laptopu ya zamani inataka volti 19 hivi. Kwa hiyo unanunua inveta inayopandisha 12 kuwa 230, halafu chaja inashusha 230 kuwa 19, na kila hatua inakula umeme na kuugeuza joto. Paneli ndogo ya mzee wako inaishia kupasha moto vyuma. Laptopu zinazochaji kwa USB-C, zilizoanza 2015, zimevunja hiyo kamba: chaja ndogo ya tundu la gari inatosha, na pawabenki kubwa nayo inatosha. Umoja wa Ulaya umeshaitungia sheria, laptopu mpya zikapewa hadi Aprili 28, 2026. Kwa macho yangu hii ni habari kubwa kuliko wembamba wote, na makala za wasafiri huwa zinaitaja mstari mmoja chini kabisa.

Mtabisha kwamba mambo yamebadilika. Kweli, Rusumo sasa kuna mitambo ya umeme ya MW 80 inayogawiwa nchi tatu. Pale pale mpakani mawakala wa forodha wanafanya kazi za malori ya Kigali kwenye mfumo wa TRA, na ukiwatazama vizuri ndio wafanyabiashara wasafiri wa kweli wa wilaya yetu. Lakini umeme ukikatika lori halisubiri.

Kwa hiyo wewe unayeenda Kariakoo Jumamosi, na wewe uliyepangiwa fildi Ngara: ikiwa ni mtumba, muulize muuzaji kama betri inachomoka na kama ya pili inapatikana. Ikiwa mpya, muulize kama inachaji kwa USB-C, na usikubali jibu la mdomo. Nenda na pawabenki yako, ichomeke pale pale dukani.