Mto Katuma na Daraja la Sitalike

Tutokapo Misunkumilo kwa baiskeli na kuifuata barabara iendayo Sumbawanga, hutupasa kwenda kilomita zipatazo 35 kabla ya kufika Sitalike, kwenye daraja la mto Katuma. Mwenye baiskeli iliyochoka na aanze alfajiri. Chini ya daraja, wakati wa kiangazi, viboko hubanana katika vidimbwi vya tope.

Hapo ndipo ianzapo Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na baadaye kupanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Jina lake, hata hivyo, ni kongwe kuliko tangazo. Wazee husimulia kuwa mzimu wa Katabi, mwindaji wa kale, umo katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu huupelekea sadaka. Kabla ya askari wa wanyamapori palikuwapo heshima ya mahali.

Mashaka ya leo yako juu ya mto. Huko maji ya Katuma hugeuzwa kuingia katika mashamba ya mpunga, na mkulima naye ana haki ya kula. Ziwa Katavi, na Chada baada yake, hungoja yaliyosalia. Tulipogeuza baiskeli kurudi, viboko walikuwa bado wamebanana pale pale.