Wangwana wa Kasongo: Kabila au Hadhi?

Historia ya Kasongo na Kabambare haitoshelezwi na kuyahesabu makabila, yaani Wazimba, Wakusu, Wabangubangu na wengineo. Kati yao walizuka Wangwana. Pwani, muungwana ni mtu aliyezaliwa huru. Maniema neno hilo lilipanuka: Tippu Tip alipoifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870, wenyeji wengi, wakiwemo mateka, waliingia ungwana kwa Uislamu, kanzu na Kiswahili, kilichoitwa Kingwana. Majeshi ya Leopold yaliiteka Kasongo mwaka 1893, na utawala wa Wabelgiji ukawaita Wangwana “waliogeuzwa Waarabu”, kana kwamba ni wageni katika nchi ya mama zao. Kumbe ungwana haukuwa nasaba bali hadhi, na mateka aliweza kuifikia.